Kwa nini waandika programu bado hawaandiki msimbo mmoja pamoja, papo kwa papo?

#1 MwanaMsimbo (mleta mada)

Salaam wakuu. Karani wa ofisi yoyote leo anaweza kufungua hati moja na wenzake wanne, kila mmoja akaona vishale vya wengine vikitembea, na hakuna anayeshangaa. Sisi tunaoandika programu, ambao ndio tuliomtengenezea karani huyo zana yake, bado kila mmoja anajifungia kwenye tawi lake la Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo; tawi ni nakala ya pembeni ya kazi), anaandika peke yake mpaka jioni, kisha anaomba mabadiliko yake yaunganishwe na hapo ndipo migongano inapoanza. Zana zipo. Microsoft walitangaza Live Share mwaka 2017, mwezi huohuo kihariri cha Atom, kilichositishwa mwaka 2022, kikatoa Teletype, JetBrains wakatoa Code With Me, na Zed imejengwa tangu msingi kwa ajili ya kazi ya pamoja. Hata hivyo, katika timu ninazozifahamu, zana hizi hufunguliwa mtu anapokwama, kisha hufungwa mara tu anapokwamuka.

Ninauliza kwa sababu nimekabidhiwa kazi ya kubuni zana ya namna hiyo kwa timu ndogo iliyotawanyika kati ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Dai langu ni kwamba kinachokwamisha ni algoriti (kanuni ya hatua kwa hatua) ya kuoanisha maandishi ya watu wengi, na atakayepata iliyo bora atakuwa amemaliza kazi. Mnaonaje?

#2 Kitenge404

Naunga mkono hoja. Google ndio waliobuni jambo hili walipotengeneza Docs, na ninavyoelewa siri yake hawajaitoa. Tutasubiri sana.

#3 SevaKongwe

Mkuu Kitenge404, historia haiko hivyo. Tarehe 9 Desemba 1968 Douglas Engelbart alisimama mbele ya hadhira San Francisco akashirikiana kwenye skrini moja na mwenzake aliyekuwa maabara Menlo Park, kiasi cha kilomita 50 kutoka pale, huku wakionana na kusikilizana. Algoriti ya kuoanisha maandishi ilichapishwa na Ellis na Gibbs mwaka 1989. Mfumo wa Jupiter wa Xerox PARC, mwaka 1995, ukaleta utaratibu wa kila kompyuta kuzungumza na seva moja inayoamua lipi limetangulia. Google waliufuata utaratibu huo kwenye Wave, huduma yao ya kuandika pamoja, na wakachapisha maelezo yake mwaka 2009. Hakuna siri iliyofichwa.

Kwa ambao hawajawahi kuliona tatizo lenyewe kwa karibu, tuchukue neno «kata», herufi zikihesabiwa kuanzia sifuri. Asha anaongeza «m» kwenye nafasi ya 0. Wakati huohuo Juma anafuta herufi ya nafasi ya 3, yaani «a» ya mwisho. Kila amri ikipelekwa kwa mwenzake jinsi ilivyo, Juma atabaki na «mkat», lakini kwa Asha neno limeshasogea na kuwa «mkata», nafasi ya 3 sasa ni «t», kwa hiyo yeye atabaki na «mkaa». Faili ni moja, maneno ni mawili, na hakuna kompyuta iliyotoa onyo. Kuoanisha ni kuigeuza amri ya Juma iwe «futa nafasi ya 4» kabla haijatekelezwa kwa Asha. Kwa amri mbili ni kazi nyepesi, lakini watu wakiwa watatu na hakuna seva ya kuamua, hesabu inakuwa ngumu kweli: algoriti ile ya 1989 baadaye ilikutwa na mwanya, na mwaka 2003 watafiti wa Nancy, Ufaransa, walipozipitisha algoriti zilizofuata kwenye programu ya kuthibitisha hesabu, kadhaa zilikutwa na mianya pia.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kwamba jambo hili ni gumu. Ninachopinga ni kwamba bado linatukwamisha.

#4 NyaliDev

Niongezee alipoishia SevaKongwe. Watafiti haohao wa Nancy walileta njia nyingine mwaka 2006, inayoitwa WOOT, ambamo kila herufi hupewa kitambulisho chake cha kudumu, hivyo Juma hasemi «futa nafasi ya 3» bali «futa herufi ile», na haijalishi imesogea wapi. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake wakazipa data za namna hii, zinazobadilishwa na wengi bila kugongana, maelezo rasmi chini ya jina la CRDT, ambalo ndilo linalotumika hadi leo. Leo unapakua Yjs au Automerge, maktaba za msimbo zilizojengwa kwa njia hiyo, bila malipo na suala la herufi linakwisha kabla ya chakula cha mchana. Mkuu MwanaMsimbo, ukitumia mwaka mzima kuandika algoriti yako mwenyewe utakuwa umechimba kisima kando ya bomba.

Uzuri mwingine wa CRDT ni kwamba haihitaji seva kabisa. Figma, zana ya kusanifu mwonekano wa programu, nao wanaitumia.

#5 SevaKongwe

NyaliDev, mambo mawili hapo. Kwanza, data haihitaji seva ya kuamua mfuatano, lakini watu wawili walio nyuma ya ruta mbili bado wanahitaji mahali pa kupatana, na ikiwa mmoja amezima kompyuta, lazima kuwe na mahali mabadiliko yanapomsubiri. Teletype ilipeleka maandishi moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta, na bado ilihitaji seva ya kuwakutanisha. Pili, Evan Wallace wa Figma alieleza mwaka 2019 kwamba walichukua mawazo kutoka kwenye CRDT, lakini seva yao ndiyo yenye kauli ya mwisho, na watu wawili wakibadilisha sifa moja ya umbo, linalobaki ni lile lililofika mwisho. Kwa rangi ya kitufe hilo linafaa. Kwa mstari wa msimbo halifai hata kidogo.

#6 NyaliDev

Sahihisho limepokelewa, asante.

#7 WakiliWaGit

Ndugu zangu, nimesoma kuanzia juu na naona wote mnajadili herufi. Msimbo si herufi. Hati ya karani ikiwa na sentensi nusu, msomaji anaivumilia. Programu yenye sentensi nusu haiendeshwi. Wakati mimi nimefika katikati ya kuandika funksheni, mwenzangu aliye kwenye faili jingine anataka kuendesha majaribio yake, na majaribio yote yanaanguka kwa sababu ya mabano ambayo sijayafunga. Kila mmoja wetu anakuwa mateka wa mwendo wa mwenzake. Git haikuenea kwa sababu watu hawakuwa na algoriti nzuri za kuandika pamoja, bali kwa sababu inampa kila mtu haki ya kuwa na programu iliyovunjika kwa muda bila kumsumbua mtu. Tawi ni chumba chenye mlango, na hiyo ndiyo kazi yake.

Na kuna baya zaidi. Chukueni mfumo wa ankara wenye kodi ya ongezeko la thamani. Mimi naona kigeu kinachosema kiwango = 18, nakibadilisha kiwe 0.18 kwa sababu ni safi zaidi. Sekunde hiyohiyo mwenzangu, kwenye faili jingine, anaona kodi inatoka kubwa kupita kiasi na anaongeza «gawanya kwa 100». Herufi zimeoanishwa bila kasoro. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa kompyuta, imeridhika. Bidhaa ya shilingi 100,000 sasa inatozwa kodi ya shilingi 180 badala ya 18,000. Niambieni ni algoriti gani ya Yjs itakayoliona hilo.

#8 MwanaMsimbo (mleta mada)

WakiliWaGit, hoja ina mashiko na nimeinakili kwenye daftari langu la usanifu. Lakini hilo la kiwango si linatokea hata kwenye Git? Mafaili ni mawili tofauti, Git itaunganisha bila kulalamika.

#9 WakiliWaGit

Linatokea, ndiyo. Tofauti ni kwamba kwenye Git kuna kituo: ombi la kuunganisha, mtu wa pili anayesoma, na majaribio yanayoendeshwa kabla ya mlango kufunguliwa. Kwenye kuandika papo kwa papo kituo hicho hakipo, isipokuwa ukijenge makusudi.

#10 Mtafiti_Mwanza

Kipo kilichowahi kujengwa. Mwaka 2011 Goldman, Little na Miller wa MIT walionyesha kihariri kinachoitwa Collabode. Watu kadhaa wanaandika faili moja la Java kupitia kivinjari, lakini mabadiliko yangu ambayo bado yana makosa ya kompaila yanabaki kwangu, na yanamfikia mwenzangu pale tu yanapokuwa yamekamilika kiasi cha kukubaliwa. Kwa hiyo mabano ya WakiliWaGit yasingewaangusha wenzake. Kwa maoni yangu huo ndio usanifu uliosogea karibu zaidi na asili ya kazi yetu, na ninasikitika kwamba zana za biashara zilizofuata zimerudi kwenye herufi tupu, kana kwamba msimbo ni barua.

Hata hivyo mfano wake wa kodi ungepita kwenye chujio hilo bila kuguswa, maana pande zote mbili zinakubalika kwa kompaila. Hapo ningependa zana iendeshe majaribio kila mara chujio linaporuhusu kitu kupita, na imwonyeshe kila mmoja, pembeni mwa mstari wake, kwamba hapo awali jaribio la ankara lilikuwa linapita na sasa limeanguka baada ya mabadiliko mawili, lako na la fulani. Hilo linawezekana kabisa kwa lugha na mradi ambao majaribio yake ni ya haraka.

#11 Kitenge404

Na ambao hatuna majaribio?

#12 WakiliWaGit

Kitenge404, wewe kwanza andika majaribio, mengine yatafuata.

#13 BintiPangani

Habari zenu. Mimi ni mkufunzi wa programu kwenye chuo kimoja na natumia kihariri cha pamoja karibu kila kipindi, kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo wakuu hapo juu hawajaligusa, yaani mtu mwenyewe.

Mwanafunzi akiwa peke yake anaandika mistari mitano mibovu, anaisoma, anaifuta, anaandika mitatu mizuri. Ndivyo watu wanavyofikiri kwa vidole. Nikiingia kwenye faili lake na kishale changu chenye jina langu kikaonekana, mistari mitano ile mibovu haiandikwi tena. Naona kishale chake kimesimama, kinapepesa mahali pamoja, na kisha ghafla mstari mmoja unabandikwa mzima, umenakiliwa kutoka mahali pengine. Nikitoka, uandishi unaanza upya. Nimeliona kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na nimeliona kwa watu wazima wenye kazi zao.

Mwaka 1992 Dourish na Bellotti waliandika kuhusu umuhimu wa kila mshiriki kufahamu wengine wanafanya nini, ili hilo liwe muktadha wa kazi yake mwenyewe. Ninakubaliana nao, lakini kufahamu si lazima kuwe ni kutazama kila herufi inavyozaliwa. Kwa mwenzangu inatosha nijue kwamba yuko kwenye faili la malipo na anagusa funksheni fulani. Sihitaji kumwona akikosea tahajia. Kwa hiyo, ndugu MwanaMsimbo, ushauri wangu ni kwamba usianze na kishale. Anza na swali la nani anaruhusiwa kuona nini, na mwenye kuonwa awe ndiye anayefungua pazia.

#14 Mzee_wa_Terminali

Dada BintiPangani amesema kweli. Niongeze la Jonathan Grudin, aliyeeleza mwaka 1988 kwa nini zana nyingi za kazi ya pamoja hushindwa: anayebeba kazi ya ziada ya kuitumia zana mara nyingi si yule anayefaidika nayo. Kwenye kihariri cha pamoja anayefaidika ni yule aliyekwama, au msimamizi anayetaka kuona. Anayetoa muda, faragha na utulivu wake ni mwandishi mzoefu. Huyo hatakataa mkutanoni. Atasahau tu kuifungua.

#15 NyaliDev

Mimi narudi kwenye mtandao, maana hilo ndilo tunaloishi nalo. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko mbali kwa kilomita 10,000 za mkongo, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla ya ruta yoyote kuongeza zake, na hiyo 100 ndiyo kipimo ambacho Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, anakitaja kuwa mwisho wa mtu kuhisi kwamba jambo limetokea papo hapo. Vijana wawili walio mtaa mmoja Mombasa wanaandika faili moja, na kila herufi inakwenda Ulaya kwanza ndipo imfikie jirani. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, hata hilo halikuwezekana. Kikao chetu cha pamoja kilikufa, lakini kila mtu aliendelea na Git yake kwenye kompyuta yake na tukaunganisha mtandao uliporudi. Tangu siku hiyo hakuna anayenishawishi kuweka msimbo wangu mahali ambapo siwezi kuuandika bila intaneti.

#16 SevaKongwe

Mkuu, nakubali la mkongo kukatika, ila la milisekunde 100 lina kasoro. Zana zote za maana huonyesha herufi yako kwenye skrini yako mara moja, ndipo zinaituma. Anayecheleweshewa ni mwenzako, na yeye hajui ulibonyeza lini, kwa hiyo hahisi lolote. Panapouma ni kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya pamoja, kwa sababu herufi lazima iende kwenye kompyuta ya mwenyeji na kurudi ndipo uione. Mosh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali iliyotoka MIT mwaka 2012, ilipunguza maumivu hayo kwa kubashiri herufi na kuionyesha kabla seva haijajibu.

#17 JuaKali_Dev

Naomba kuongeza hesabu ya bando, kwa sababu wengi wakisikia «kazi ya pamoja» wanawaza kushiriki skrini kwa video. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Ukituma maandishi tu, mtu anayeandika herufi 5 kwa sekunde bila kupumzika, na kila herufi ikabeba baiti 100 za vitambulisho na maelezo, ni baiti 500 kwa sekunde, yaani chini ya megabaiti 2 kwa saa. Kwa anayejinunulia bando mwenyewe, tofauti hiyo inaamua kama atashiriki au atatoa udhuru. Kihariri cha pamoja chenye sauti bila video ndicho kinachotufaa, na sijui kwa nini kila zana inataka kuniwashia kamera.

#18 MwanaMsimbo (mleta mada)

Wakuu, asanteni sana. Mpaka hapa nina maelezo manne yanayovutana: herufi, maana, mtu na mtandao. Naomba mnisaidie kwenye la vitendo. Live Share inamwacha mwenyeji na msimbo wote, mgeni anaingia bila kunakili chochote, na wanaweza kushiriki hata terminali na seva inayoendeshwa kwenye kompyuta ya mwenyeji. Kwa timu yangu hilo linanivutia, kwa sababu kuandaa mazingira ya mradi wetu kwenye kompyuta mpya ni mateso. Kuna ubaya gani?

#19 Mzee_wa_Terminali

Ubaya wa kwanza, mwenyeji akifunga kompyuta mpakato yake akaenda kuswali, kazi ya wote imesimama. Ubaya wa pili ni usalama. Ukimruhusu mgeni kuandika kwenye terminali yako, ana uwezo wako wote: funguo zako za siri, hifadhidata yako, faili lako la nywila. Kwa mtu wa timu yako ni sawa. Kwa mteja au mwanafunzi, fikiri mara mbili na umwachie ruhusa ya kusoma tu.

Kwa timu yenye mazingira magumu kuandaa, mimi ningeweka seva moja ndogo, mradi ukaandaliwa pale mara moja, na watu wakaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na kujiunga kwenye kikao kimoja cha tmux, programu inayowawezesha wengi kushiriki terminali moja. Ni zana ya mwaka 2007, haina rangi za kuvutia, lakini mtandao ukikatika kikao kinabaki hai kwenye seva na unarudi ukakikuta ulipokiacha.

#20 Kitenge404

Mzee, hiyo tmux niliijaribu na mwenzangu mwenye skrini ndogo, na kwangu nusu ya skrini ikawa nukta tupu. Tena kishale ni kimoja, tunapokonyana.

#21 Mzee_wa_Terminali

Nukta zile ni kwa sababu matoleo ya zamani hulipunguza dirisha la kila mtu lifuate skrini iliyo ndogo kuliko zote. Matoleo mapya yana chaguo liitwalo window-size, ukiliweka «latest» dirisha linafuata ukubwa wa aliyegusa kibodi mwisho. La kishale kimoja mimi naliona ni faida. Mmoja anaendesha, mwingine anaongoza kwa maneno, mnabadilishana. Kuandika kwa jozi ndivyo kulivyoanza, watu wawili na kibodi moja, na mazungumzo ndiyo yanayofanya kazi.

#22 Mtafiti_Mwanza

Hapo ndipo tunapotofautiana, Mzee. Kibodi moja ni sahihi kwa tatizo moja gumu. Watu watatu wenye kazi tatu zinazogusana hawawezi kusubiriana kibodi siku nzima, na hao ndio mleta mada anaowabunia zana.

#23 BintiPangani

Ninao swali kwa wote, hasa kwa anayebuni. Vipi kuhusu kutendua? Wanafunzi wangu hulalamikia hili kuliko jambo lolote. Mmoja anabonyeza Ctrl na Z ili kuondoa alichoandika yeye, na mstari wa mwenzake unatoweka mahali ambapo hata hakuwa anapatazama.

#24 NyaliDev

Hilo ni kosa la zana, dada. Tendua inapaswa kufuata matendo yangu tu, si matendo ya mwisho ya faili. Yjs ina msimamizi wa kutendua anayekumbuka kila badiliko limetoka kwa nani, ukimpanga vizuri hagusi ya mwenzako.

#25 BintiPangani

Sawa, lakini tuseme mimi nimebandika funksheni ya mistari kumi. Mwenzangu ameingia ndani yake na kurekebisha mstari wa sita, akaandika na maelezo marefu ya kwa nini. Sasa mimi nabonyeza tendua. Marekebisho yake yanakwenda wapi?

#26 NyaliDev

Mistari yangu inaondoka, aliyoandika yeye inabaki. Ni yake.

#27 WakiliWaGit

Inabaki ikielea katikati ya faili bila funksheni iliyoizunguka, na programu haiendeshwi tena. Mimi ningezuia tendua hiyo mpaka mwenzake akubali.

#28 Mtafiti_Mwanza

Na mwenzake akiwa ameshaondoka kwenda nyumbani?

#29 MwanaMsimbo (mleta mada)

Naomba tubaki hapahapa kwenye tendua. BintiPangani, kama una mfano mwingine uliowakuta wanafunzi wako, uweke hapa jinsi ulivyotokea, mstari kwa mstari. Nitajaribu njia ya NyaliDev na ya WakiliWaGit kwa mifano hiyohiyo, kisha nirudi na nilichokiona.